Kipupwe cha Leicester, pumu ya mwanangu na yale maswali ya mapokezi

Nilifika Uingereza Oktoba 2022 na mwanangu wa miaka minne, baba yake alikuwa ameshatangulia mwaka mzima, na kila niliyekutana naye wiki ile aliniambia neno moja tu, nunua koti. Koti nikanunua. Hakuna aliyeniambia nenda kajiandikishe kwa GP, yaani kliniki ya daktari wa mtaani kwenu, kabla baridi haijashika, na mpaka leo naamini ningeambiwa hivyo mapema ule usiku wa Desemba usingetukuta.

Mtoto ana pumu. Tulipokuwa Tanga ilikuwa inamshika mara mojamoja, zaidi masika, tunakimbia hospitali anavutishwa ile mashine ya mvuke, kifua kikifunguka tunarudi nyumbani maisha yanaendelea. Leicester ni kitu kingine kabisa. Baridi yenyewe inamkaba akitoka tu mlangoni, halafu nyumba tuliyopanga ilikuwa na ukungu mweusi nyuma ya kabati, na sisi kwa kuogopa baridi tumefunga madirisha kutwa kucha, nguo tunaanika juu ya hita humohumo chumbani anamolala, sufuria ya wali inachemka bila hata kufunua kidirisha, yaani unyevu wote ule tulikuwa tunaufuga wenyewe bila kujua. Novemba akaanza kikohozi cha usiku.

GP tulikuwa tumeenda mara moja. Tukaambiwa tulete barua au bili yenye jina langu kuonyesha ninapoishi, na mimi bili zote ziko kwa jina la mume, nikarudi nyumbani nikanyamaza. Wiki tatu zikapotea hapo. Baadaye sana ndio nikajua kwamba hapa England huhitaji kitambulisho wala uthibitisho wa anwani wala karatasi ya uhamiaji ili uandikishwe kwa GP, wanaweza kukuomba ndio, lakini kukosa hizo karatasi si sababu ya kukukatalia. Unajaza fomu yao, au unajaza kwenye intaneti, basi. Kama kuna ndugu amekwama hapo naomba alishike hilo, arudi tena aseme kwa adabu lakini bila kurudi nyuma.

Tulipoandikishwa nikapiga simu. Saa mbili kamili asubuhi ndio wanafungua laini, na saa hiyohiyo mji mzima nao unapiga, nikawa mtu wa ishirini na kitu kwenye foleni. Dada wa mapokezi akapokea akauliza, mtoto ana tatizo gani? Mimi nimelelewa kwamba ugonjwa unamweleza daktari mkiwa wawili na mlango umefungwa, huyu wa mapokezi kazi yake ni kuandika jina, kwa hiyo nikaona ananichimba. Tena Kiingereza changu kilikuwa kinaniaibisha kwenye simu. Nikamjibu, anakohoa kidogo. Hilo neno kidogo ndio nalijutia. Sikusema ana pumu, sikusema halali, sikusema pampu yake ya kuvuta dawa tuliyokuja nayo imekwisha. Akanipa miadi ya baada ya siku tisa, na kwa alichosikia kutoka kwangu sioni alikosea wapi.

Usiku wa nne yake mtoto akaamka saa nane usiku, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, anataka kuniita anatoa silabi moja pumzi inakata. Tukapiga 999, simu ya dharura. Gari ilikuja, walimpa hewa na dawa palepale sebuleni, tukaenda hospitali kubwa tukalala siku tatu. Sitaki kulieleza sana, nikikumbuka bado tumbo linanikata.

Ila nesi mmoja wa wodi ya watoto alikaa na mimi karibu saa nzima siku ya kuondoka na huyo ndiye aliyenifungua macho. Kwanza akanifundisha ile chupa ya plastiki inayowekwa kwenye pampu, kwamba bila hiyo dawa kwa mtoto mdogo nyingi inaishia mdomoni na kooni badala ya kufika kifuani. Akanieleza pampu ya kahawia ni ya kila siku hata kama yuko mzima anacheza, hiyo ndiyo inayozuia, na ya bluu ni ya kufungua kifua kikibana. Mimi miaka yote nilikuwa natumia ya kufungua tu, ya kuzuia naona kama kumjaza mtoto dawa bure! Kikibana sana anakaa wima, anavuta ya bluu moja moja, kila baada ya nusu dakika mpaka dakika moja, mpaka kumi, na kama hapati nafuu au anazidi piga 999 usisubiri zifike kumi. Akaniandikia yote kwenye karatasi, iko mlangoni pa friji mpaka leo na nakala nyingine iko shuleni.

Halafu akaniuliza ulimwambia nini mtu wa mapokezi? Nikamweleza. Akasema yule anakuuliza kwa sababu yeye ndiye anayepanga nani aonwe leo na nani asubiri, na nani aende kwa nesi, nani famasi, nani apigiwe na daktari, na unachomwambia ni siri ya hospitali kama unavyomwambia daktari. Ukimwambia kidogo atakuandikia kidogo. Kama ni jambo la aibu mwambie ni la sehemu za siri ningependa kuongea na mwanamke, inatosha, ataelewa.

Tangu siku ile sijapiga simu bila kuandika kwanza. Kikaratasi: umri, ugonjwa alionao, dalili imeanza lini, nini kimezidi leo, dawa gani ametumia, anakula? anakunywa? analala? Nasoma kama taarifa ya habari. Mara ya kwanza kufanya hivyo, Februari 2023, nilipigiwa na daktari kabla ya saa tano na saa nane mchana tuko ndani ya chumba chake. Mapokezi palepale.

Na hili la kusema kila kitu lilituokoa tena. Krismasi ya 2023 tulienda nyumbani, tukarudi Januari katikati ya homa za mafua za huku, kila mtu kazini anakohoa. Mume wangu akashikwa na homa, viungo vinauma, anatetemeka. Wenzake wa kazi za kea, za kutunza wazee na wagonjwa, wakamwambia ni flu, meza paracetamol lala. Mimi nikapiga simu na katika kusoma kikaratasi nikasema tumerudi Tanzania siku kumi na mbili zilizopita. Yule dada akasimama hapohapo, akaniweka pembeni kidogo, akarudi akasema aende hospitali leo leo akapimwe malaria, asisubiri miadi. Ikawa ni malaria kweli. Sisi wa pwani tunaijua malaria kuliko tunavyojua theluji, lakini baridi ya huku inakusahaulisha, unaona kila homa ni ya baridi, na daktari wa huku naye usipomwambia umetoka wapi hawezi kuota. Tena inaweza kuchelewa, hata miezi baada ya safari. Taja safari, hata kama hukuulizwa.

Sasa famasi. Huku nilichelewa kuielewa kwa sababu nyumbani duka la dawa unaingia unasema nipe amoksilini unapewa, hapa nikaona mfamasia hauzi antibayotiki basi hana faida. Mtaani kwetu kuna famasi ya mzee mmoja Mhindi, siku ya kwanza kuniona na ushungi wangu nikiongea na mtoto akadakia, "Mama, mtoto iko na nini?" Nilitaka kulia. Mama yake alizaliwa Jinja, ni katika wale waliofukuzwa na Idi Amin 1972 wakaja kujaa Leicester, Kiswahili chake ni kile cha dukani cha zamani lakini kinanitosha kueleza maumivu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba tangu mwisho wa Januari 2024 mfamasia hapa England anaruhusiwa kutibu mambo saba bila wewe kupita kwa GP, koo, sainasi, sikio kwa watoto, UTI kwa wanawake, mkanda wa jeshi, kuumwa na mdudu kukaoza, na vile vidonda vya ngozi vya watoto, na akiona inahitajika anatoa hata antibayotiki. Nilienda na koo langu nimejiandaa kuzidai. Akanitazama koo, akaniuliza maswali yake, akasema hii ni virusi, antibayotiki haitakusaidia kitu, paracetamol na maji ya chumvi na upumzike, ikifika wiki hujapona rudi. Nilikasirika moyoni. Siku ya tano nikawa mzima.

Hela pia ijulikane. Mtoto chini ya miaka 16 dawa za cheti ni bure. Mimi nalipa pauni 9.90 kwa kila dawa moja, kwa hiyo paracetamol sichukui kwa cheti, nanunua mwenyewe kwa senti tu. Mwenye dawa nyingi za kila mwezi aulize ile kadi ya kulipia mbele, inapunguza sana.

Kila Oktoba sasa nina utaratibu. Mtoto anaonwa na nesi wa pumu mara moja kwa mwaka na mimi naomba iwe kabla saa za ukutani hazijarudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi. Halafu chanjo ya flu. Hii kwa watoto wanaipuliza puani, inafanyika shuleni, unaletewa fomu ya ridhaa, na Waislamu wenzangu nawaambia wazi kwamba ile ya puani ina jelatini ya nguruwe. Wapo waliotulia nayo na wapo wasiotaka, mimi sikutaka, nikaandika kwenye fomu naomba ya sindano na alipewa bila ugomvi wowote. Kinachoniuma ni wale mama ninaowajua waliosikia neno nguruwe wakachana fomu, mtoto hana chanjo kabisa, na sindano ilikuwepo, ni kuomba tu.

Vitamini D nayo, mikrogramu 10 kwa siku, wanashauri kila mtu kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, na sisi weusi na tunaojisitiri wanatushauri tuifikirie mwaka mzima kwa sababu jua la huku ngozi yetu halitoshi. Desemba saa kumi jioni ni giza. Mwaka wa kwanza nilikuwa nachoka mpaka nalia bila sababu, nilipomweleza daktari hakucheka wala hakunishangaa.

Nyumba tumehama, lakini hata hii tunafungua madirisha dakika kumi asubuhi hata kuwe na barafu, nguo hazianikwi chumbani kwa mtoto, hita tunaweka digrii 18 na soksi juu. Mkaa ndani ya nyumba hapana, jamani, hata kama umeme umepanda vipi. Moshi wake una hewa isiyo na harufu inayoua watu wamelala.

Na pampu naagiza kwenye aplikesheni ya NHS, huduma ya afya ya serikali, wiki mbili kabla ya Krismasi, maana tarehe 25 na 26 na ile ya 1 Januari GP wanafunga, na kifua cha mtoto hakijui sikukuu. Wakiwa wamefunga na si la kufa napiga 111, simu ya ushauri ya NHS, usiku au mchana wanapokea.

Wiki iliyopita nilimsindikiza dada mmoja wa Mombasa, amekuja majuzi kwa mumewe, ana mimba ya miezi saba na kikohozi cha wiki tatu. Kwenye gari ananiambia, wewe dada utanisemea. Nikamwambia hapana, yupo mkalimani wa Kiswahili, ni bure na ni haki yako, mambo mengine hutataka mimi niyasikie. Tulishamwomba mapema siku ya kuchukua miadi. Wakampigia mkalimani kwenye spika, sauti ya mwanamke, na daktari akamuuliza kila kitu mpaka chanjo ya RSV, virusi vya kifua, ile ya kumkinga mtoto atakayezaliwa, wanaitoa kuanzia wiki ya 28 na yeye hakuwa ameisikia. Kikohozi kilipofika zamu yake akaanza, "kidogo tu daktari", halafu akanigeukia, akanyamaza, akaanza upya. Mimi nikachukua mkoba wangu nikatoka nikaenda kukaa mapokezi.