Kikohozi Kisichokoma na Macho ya Watu
Mafua ya msimu wa mvua yaliondoka, kikohozi kikabaki, na kinachoniumiza zaidi si kifua bali namna ninavyotazamwa. Nyumbani Mbagala mke wangu amelihamishia jiko la mkaa uani, kwa sababu moshi wake hunikohoza hadi machozi yakatoka. Kazini, Posta, nikikohoa mara mbili tu, jirani yangu wa meza husogeza kiti chake bila kuuliza naendeleaje.

Nilikwenda zahanati kwa kuwa mtu mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi hushauriwa kupimwa kifua kikuu, na katika vituo vya serikali kipimo hicho pamoja na matibabu yake hutolewa bure. Nilipewa kikopo chenye mfuniko, nikaelekezwa kusimama nje penye hewa, nivute pumzi ndefu, kisha nitoe makohozi kutoka kifuani, si mate. Majibu yalionyesha kuwa sina vimelea.

Hata hivyo ninavaa barakoa ofisini na kukoholea kwenye kiwiko, kwani hofu ya wenzangu ina msingi. Ninawaomba tu waniulize kabla ya kunikwepa, maana mwenye kifua kikuu akitazamwa hivyo anaweza kuficha kikohozi chake na kuchelewa kupimwa, ilhali dawa zipo na wengi hupona kwa kuzitumia miezi 6 bila kukatiza. Kwa upande wangu, daktari sasa anashuku pumu, na wiki ijayo nitapimwa nguvu ya pumzi.