Jinsi nilivyopambana na neno granulate mpaka likakaa sawa

Kazi yangu ni kutafsiri, na kwa miaka kadhaa kila nikikutana na neno la Kiingereza granulate nilikuwa naandika tu "kufanya chembechembe", kamusi imekubali, mteja amekubali, nasonga mbele. Tatizo lilianza nilipopewa kijitabu cha kutunza vidonda nyumbani. Mle ndani kuna sehemu inasema kidonda kikianza kugranuleti ni dalili nzuri, na mimi bila kufikiria mara mbili nikaandika "kidonda kikianza kufanya chembechembe ni dalili nzuri".

Nesi aliyekuwa anapitia rasimu akanipigia simu. Akasema, "Ndugu yangu, mgonjwa akisoma hivi atajua kidonda kimeingia mchanga, ataanza kukikwangua." Nikashtuka kweli kweli maana kukikwangua ndo kukiharibu, pale pamejaa vimishipa vya damu vichanga ambavyo ukivigusa kwa nguvu kidogo tu vinavuja. Nikamuuliza sasa nyinyi wodini mnasemaje? Akajibu, "Tunasema kidonda kinaota nyama."

Neno lilikuwepo muda wote, watu wanalisema kila siku, na mimi nilikuwa natafuta kwenye kamusi! Iliniuma, nikaamua nilisome hili neno mpaka mwisho.

Nikaanza na asili yake. Linatoka kwenye Kilatini, granum, yaani mbegu au punje. Kumbe hata jina la Kiingereza la komamanga limetoka hapo hapo, maana yake tunda lenye mbegu, alafu bomu la mkono nalo likapewa jina kutokana na komamanga, na jiwe la graniti likaitwa hivo sababu limejaa punjepunje. Ila gramu haimo kwenye ukoo huu, hiyo ni ya Kigiriki, mi nilikuwa nazichanganya. Kilichonisaidia hapa ni kuona kwamba picha ya mwanzo ni mbegu, kitu kidogo lakini kizima. Sasa kwa Kiswahili chenga ni kitu kilichovunjika, kama mchele uliokatika, kwahiyo ukiandika chenga kila mahali unakosea sehemu nyingi.

Baada ya hapo nikajiwekea swali moja kabla sijaandika chochote: hizi punje zimetokana na nini?

Kama kitu kikubwa kimevunjwa, Kiswahili kina kuparaza, yaani kusaga bila kulainisha, na chenga hapo inakaa vizuri. Kama ni unga umekusanywa ukawa punje basi ni kinyume chake kabisa, japo Kiingereza kinatumia neno lile lile. Hii ipo sana kwenye kutengeneza vidonge, poda ya dawa ikiwa laini sana haitiririki vizuri kwenye mashine, inatimua vumbi na dawa inaweza kujitenga na vile vilivyochanganywa nayo, kidonge kimoja kikabeba nyingi na kingine kidogo. Ndo maana mara nyingi wanailowesha kwa kitu cha kugandisha, wanaikausha, ikishakuwa punjepunje ndo inagandamizwa. Hapo naandika "kuifanya poda kuwa punje" na wala siogopi sentensi kuwa ndefu.

Alafu kuna kimiminika kinachozaa punje chenyewe, na hapa asali ndo mfano wangu mkubwa kwasababu watu wengi wanaitupa asali nzuri wakidhani imechakachuliwa. Asali ina glukosi (aina mojawapo ya sukari) nyingi kuliko maji yaliyomo yanavyoweza kuibeba, kwahiyo ikikaa glukosi inajitenga na kuwa fuwele, yaani punje ngumu zinazong'aa, na inaenda haraka zaidi kwenye baridi ya karibu nyuzi 14 za Selsiasi. Haijaharibika! Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, isizidi nyuzi 40 hivi, itarudi. Kwa Kiswahili ni "asali imeganda" basi, hakuna haja ya chembechembe. Na sukari nayo hivo hivo, Kiingereza kinaongeza neno granulated kuitofautisha na ya unga na ya vipande, lakini msomaji wangu akisikia sukari anaiona ile ile ya punje, kwahiyo naandika sukari tu.

Kidonda sasa hakimo kwenye hayo yote. Pale hakuna punje yoyote, ni mwonekano tu, vimishipa vipya vinapanda juu na kufanya vinundu vidogo vyekundu, waliotangulia wakaona kama mbegu wakaita hivo. Mwisho tuliandika: "Ukiona nyama mpya nyekundu inaota, ina vinundu vidogo vidogo na ina unyevu, kidonda kinapona, usikikwangue. Ikibadilika ikawa nyeusi, au ikatoa harufu mbaya, nenda hospitali." Nesi akaipitisha siku hiyo hiyo.

Lililonichukua muda zaidi lilikuja baadae, makala kuhusu Jua. Uso wa Jua nao unasemwa una granuli, na kila moja ina upana wa kama kilomita 1,000, inadumu dakika chache tu inapotea, gesi ya moto inapanda katikati na iliyopoa inashuka pembeni. Kilomita 1,000 huwezi kuiita chembe wala punje. Nikakaa nayo siku mbili, nikaandika "uso wa Jua unatokota", na mhariri akaiacha.