Kufuli la kioo halilindi laini

Watu wengi hapa Mbeya wakishaweka patani kwenye kioo cha simu wanaona wamemaliza. Patani inalinda vilivyomo ndani ya simu. Laini haiilindi. Aliyekukwapulia simu Mwanjelwa hana haja ya kujua patani yako: anachomeka kipini, anatoa laini, anaitia kwenye kitochi, na kuanzia hapo kila meseji ya msimbo inayotumwa kwako inaingia kwake. Anaandika namba yako kwenye WhatsApp, tarakimu 6 zinakuja, na muda si mrefu ndugu zako wa Tukuyu na Makambako wanaombwa hela kwa jina lako.

Dawa yake ni PIN ya laini, ambayo si ile ya M-Pesa wala Airtel Money. Fungua Mipangilio, kwenye sehemu ya kutafutia andika SIM, ingia kwenye kufunga SIM kadi. Ukiwasha, simu itadai kwanza PIN iliyokuja na laini. Hapa ndipo watu wanapoharibu, maana wanabahatisha. Ukikosea mara 3 laini inajifunga na kudai PUK, yaani namba ya kuifungulia laini iliyojifunga. PUK nayo ukiikosea mara 10, laini imekufa, na itabidi ukairenew kwa alama za vidole. Piga 100 kwanza, uulize PIN ya mwanzo na PUK, uziandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Kisha weka PIN yako mwenyewe, zima simu, iwashe tena. Ikidai PIN kabla ya kushika mtandao, kazi imekubali.

Ukiwa hapohapo kwenye Mipangilio, nenda kwenye arifa uzuie maudhui ya meseji yasionekane kioo kikiwa kimefungwa. Usipofanya hivyo, mwizi atausoma msimbo juu ya kioo bila hata kutoa laini. Na kwenye WhatsApp, sehemu ya Akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya WhatsApp yenyewe inayodaiwa juu ya ule msimbo.

PIN ya hela ina tatizo lake. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: aliyezaliwa 12 Machi 1987 namba yake inaanza na 19870312. Nakala za kitambulisho tunaziacha kila mahali, na picha yake imo kwenye simu zetu. Kama PIN yako ni 1987, umeiandika kwenye kitambulisho. Ibadilishe leo, na ile namba uliyoisevu kwenye majina kama “Pin Mpesa” uifute.

Kwa fundi, toa laini na memori kadi kabla hujamkabidhi simu. Kubadilisha kioo au sehemu ya kuchajia hakuhitaji patani. Akitaka kujaribu tachi, ifungue wewe, mjaribu pamoja mezani kwake. Simu nyingi za Samsung za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo inayoficha picha na meseji zako wakati wa ukarabati. Kama ilimbidi abaki nayo ikiwa wazi, ukirudishiwa angalia vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp. Kuskani msimbo wa QR mara moja kwa simu yako kunatosha mtu kusoma meseji zako akiwa mbali, hata simu yako ikiwa imezimwa.

Mkulima wa parachichi Rungwe analipwa kwenye simu, ananunua mbolea kwa simu, na namba ya mweka hazina wa kikoba inajulikana na simu peke yake. Andika namba 5 au 6 za muhimu kwenye karatasi. Simu ikiibwa, azima yenye laini ya mtandao wako, piga 100, omba laini ifungwe kabla hujaanza kumtafuta mwizi. Ukisharudisha laini, piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao huo na kitambulisho ikafutwe.