Trela bila sauti

Nkuhungu, Dodoma, Jumamosi usiku

Mvua imekatika, umeme umerudi, watoto wamelala. Bando langu la wiki linakufa kesho mchana na bado limejaa, kwa hiyo nimejikunyata kwenye kochi naangalia trela za muvi za mwaka huu wa 2026. Ni ulevi wangu wa siku nyingi. Muvi inakula saa mbili za usiku wako na kukuacha na usingizi. Trela inakula dakika mbili tu, halafu inakuachia ubishi wa kutwa nzima ofisini.

Trela yoyote, mara ya kwanza naiangalia nimezima sauti. Sauti naiwasha mara ya pili, kama kutakuwa na mara ya pili. Trela ni tangazo, na ujanja mwingi wa tangazo umo kwenye masikio: ngoma inazidi kupanda, inakata ghafla, mtu ananong'ona neno moja, halafu puu! Mara nyingi muziki wenyewe haumo hata kwenye muvi. Trela hukatwa na kampuni zenye kazi hiyo tu, na wakati mwingine muvi bado iko mezani kwa mhariri. Ukizima sauti unabaki na nyuso, mwanga na namna watu wanavyotembea. Hivyo vikikushika, ujue kuna kitu.

Kwamba trela hudanganya, hata mahakamani limefika. Marekani kulikuwa na mashabiki wawili waliofungua kesi kuhusu muvi ya 2019 iitwayo Yesterday. Trela ilimwonyesha mwigizaji Ana de Armas, wakalipa dola 3.99 kila mmoja kuikodi mtandaoni, wakaangalia mpaka majina ya mwisho, dada mwenyewe hayumo. Kipande chake kilikuwa kimekatwa. Desemba 2022 jaji akasema trela inaweza kuhesabiwa kuwa tangazo la biashara na kubanwa na sheria ya matangazo ya uongo. Kesi ilikuja kutupwa mwaka uliofuata, lakini neno lilikuwa limeshatamkwa.

Nilimsimulia hayo dogo wa library ya muvi huku mtaani. Akacheka mpaka akaiachia mausi. "Dada, kwa sheria hiyo mimi ningekuwa gereza la Isanga zamani."

Anajijua. Ukutani kwake kuna posta moja ya jamaa kashika bunduki mbili, nyuma yake helikopta inawaka moto. Ile muvi niliingiziwa kwenye flashi mwaka jana. Helikopta sikuiona, na huyo jamaa anakufa kabla hatujakaa vizuri. Laptop yake herufi zimefutika karibu zote, anaandika kwa mazoea ya vidole. Wateja wanakuja na flashi zinaning'inia kwenye funguo za bodaboda, mia tano muvi moja, na swali lake ni lile lile: "Unataka ya nini?" Za kupigana, za kutisha, za Kihindi, za Kikorea, katuni, Bongo. Halafu kuna folda ya zilizotafsiriwa, ambayo ndani yake zimo hizo zote, na ndiyo inayomlipia kodi ya fremu. Najua, haya mambo COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, hawayapendi na wana haki. Sina hoja ya kumtetea. Naandika ninachokiona.

Turudi kwenye trela.

Iliyonikaa kichwani ni The Odyssey ya Christopher Nolan, iliyotangazwa kutoka 17 Julai. Ni hadithi ya Odysseus, mfalme aliyekwenda kupigana Troya na kumaliza miaka mingi baharini akihangaika kurudi kwao. Yeye ni Matt Damon, na Telemachus, mwanawe aliyebaki nyumbani na mama, ni Tom Holland. Wanasema yote imepigwa kwa kamera za filamu za IMAX. Kamera hizo zina picha kubwa ajabu, lakini zinalia kama cherehani, ndiyo maana kwa miaka mingi waongozaji walizitumia kwenye mapigano na mandhari, wakifika kwenye mazungumzo wanazibadilisha. Mtu anapoamua kupiga hadithi nzima nazo, kuanzia vita mpaka minong'ono, nataka kujua imekuwaje.

Bila sauti ilikuwaje? Bahari. Simu yangu ina ufa kuanzia pembeni mpaka katikati, na bado bahari ile ilikuwa kubwa, watu wadogo ndani ya chombo, hakuna anayekimbia hovyo. Mikono ya wapiga makasia nimeirudia mara kadhaa. Sura zinaonekana zimechoka kweli, za watu waliolala na nguo mbichi. Nikawasha sauti, na safari hii sauti haikuongeza sana, jambo ambalo kwangu ndiyo sifa.

Kwa hiyo nimepiga hesabu. Treni ya SGR daraja la kawaida Dodoma mpaka Dar ni 31,000, kurudi hivyo hivyo. Hiyo ni 62,000 kabla sijalipa tiketi ya sinema, kabla ya usafiri wa kutoka stesheni, na kabla ya bisi, maana kukaa sinema bila bisi siwezi. Kabla ya treni hii kuanza kufika kwetu mwaka 2024 hesabu ya namna hii ningeipigia nani? Kushinda kwenye basi kutwa nzima kwa ajili ya picha, ndugu zako wangeitisha kikao. Sasa ni saa tatu na ushee, unalala Kimara kwa mdogo wako, Jumapili umerudi. Na Julai Bunge la bajeti litakuwa limekwisha, sisi wa ofisi za serikali Mtumba tutakuwa tunapumua kidogo. Nyingine zote nitaziona nitakavyoziona. Hii nitaipandia treni.

Kuhusu Michael bado nayumba. Inatoka 24 Aprili, mwongozaji ni Antoine Fuqua, na Michael Jackson anaigizwa na mtoto wa kaka yake, Jaafar, wa Jermaine. Kuzima sauti kwenye muvi ya mwanamuziki ni uonevu, najua, ila nilizima. Nilichokiona ni mabega. Miguu mtu anaweza kufundishwa, glavu na kofia zinanunuliwa, lakini namna yule kijana anavyoyaacha mabega yatulie wakati kiuno kinaondoka, hiyo ni ya ukoo. Kinachonitia shaka ni mambo ya nyuma ya kamera. Wasimamizi wa mirathi ya Michael wamo miongoni mwa watayarishaji, na familia ikishika sufuria, pilipili huwa inapunguzwa. Nategemea nyimbo nzuri na maswali machache.

Shangazi, ambaye amekuja kutoka Kongwa kwa ajili ya kliniki na kuniletea karanga za kutosha mwaka, alikuwa ameketi nyuma yangu muda wote huo nikidhani amesinzia.

"Huyo si Maiko?"

"Ni mtoto wa kaka yake, shangazi."

"Maiko mwenyewe alikuja hapa Tanzania. Mzee Mwinyi akiwa Rais."

Kweli, alikuja 1992. Mimi hilo nililisoma, yeye anakumbuka redio ilivyolizungumza. Akauliza mbona haimbi. Nikamweleza utaratibu wangu wa kuzima sauti. Aliniangalia kama ninavyomwangalia mwanangu akimwaga uji.

"Picha bila maneno nitamjuaje mbaya ni nani?"

Shangazi ni mtu wa zilizotafsiriwa. Alianzia kwenye vibanda umiza enzi za Lufufu, mtafsiri aliyejitengenezea jina kwa sauti yake tu, na mpaka leo hawezi kukaa na muvi ya Kichina ambayo mtu hamsimulii juu yake. Kwake mtafsiri ndiye muvi. Anasimamisha hadithi akueleze mila za huko, anamtania adui, anampa mlinzi wa getini jina la mtaa unaoujua, na panapokuwa kimya anapajaza. Tukabishana. Nikasema watu hao wanafunika kazi ya watu, kuna vilio na muziki ambavyo hatujawahi kuvisikia. Akasema yeye angesikia nini kwenye Kichina? Nikakosa jibu la haraka, nikamenya karanga.

Na kusema kweli wote tunafanya jambo moja: tunaiondoa sauti iliyokuja na picha. Mimi siweki kitu, yeye anaweka mtu wa kumwamini.

Toy Story 5 sikuhitaji kuipima. Ya kwanza ilitoka 1995, ndiyo muvi ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, na hii ya tano, ya Andrew Stanton, imetangazwa kutoka 19 Juni. Safari hii vinyago vinapambana na tableti iliyoingia nyumbani na kumteka mtoto. Mwanangu ameiangalia trela hiyo kwenye tableti, mara nyingi, akiwaonea huruma vinyago. Nimemwacha.

Za kutisha nazima sauti kwa sababu isiyo na usomi wowote: naogopa. Zikikosa sauti zinageuka vichekesho, mlango unafunguka taratibu, msichana anageuka, kuna mtu nyuma yake, haya, basi. Nyingi hazina kitu zaidi ya mlio. Namkumbuka mwongozaji Hitchcock, ambaye mwaka 1960 alitangaza Psycho kwa trela ya dakika zaidi ya sita, akitembea mwenyewe kwenye nyumba ya tukio kama dalali anayeonyesha chumba, anaongea kwa upole, anaanza kueleza yaliyotokea halafu anajikatisha. Unaogopa kwa yale asiyoyamalizia. (Na yeye alidanganya vilevile: mwanamke anayepiga kelele bafuni mwishoni mwa trela ile ni Vera Miles, siye Janet Leigh anayeuawa kwenye muvi.) Kinachonikera kwenye za siku hizi ni kwamba Bodi ya Filamu inaweza kupanga madaraja ya umri inavyotaka, lakini trela inajicheza yenyewe kwenye simu baada ya katuni, na aliyeshika simu ana miaka saba.

Kwenye Bongo muvi ndipo utaratibu wangu unaponiangusha, na shangazi aliliona hilo kabla sijamaliza kuwasha. Tulikuwa tunaangalia vionjo vya tamthilia za chaneli ya Sinema Zetu. Bila sauti vyote ni kimoja: sebule yenye makochi makubwa, mwanamke analia, mwanamume anashuka kwenye gari, mama mkwe amesimama mlangoni. Washa sauti. Mama mkwe anasema, "Karibu mwanangu, japo hatukukutegemea," na sebule nzima inabadilika. Hapo hakuna bahari wala kamera ya maana, kuna namna ya kuvuta neno "japo" ambayo Mmarekani hawezi kuipata hata kwa mabilioni. Shangazi alipiga paja. "Umeona? Mbaya ndiye huyo."

Nilitaka kumjibu kwa Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi tuliyoisoma kidato cha tano na sita na ambayo nchi iliipeleka kushindania Oscar. Trela yake unaweza kuizima sauti ukabaki umekaa: vichochoro vya Zanzibar, jasho, mkono wa Yasmin, ukuta unaomenyeka. Nikamwekea. Akaangalia yote kimya, akaomba irudiwe na sauti ili asikie taarabu, na baada ya hapo hakuniambia kitu ila kuuliza huyo binti alikuja kuolewa na nani.

Nimemwambia pia kuhusu mpango wa Julai na treni. Ameona ni wazimu, ila wa wastani. Yeye The Odyssey ataisubiri kwa dogo wa library, ikishatafsiriwa, hata kama ni Desemba. Nikamwambia nitampigia simu nikitoka tu ukumbini nimsimulie yote kabla mtafsiri hajaifikia. Amesema nisithubutu.