Mlinzi Aliyekataa Kufungua Geti

Jana binti yangu, anatafuna kalamu mbele ya insha ya shule, aliniuliza: "Mama, ulipokwama kwenye kitabu chako ulifanyaje?" Nikampa jibu la kiutu uzima, kwamba mtu hukaa akajitahidi. Usiku usingizi ukanipaa, nikimkumbuka mlinzi.

Nilikuwa Sura ya Saba ya riwaya yangu, ile niliyowachosha nyote kwa kuilalamikia. Nilikuwa nimesoma habari za Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mtumishi wa posta: saa 11:30 alfajiri ameshakaa mezani, saa yake mbele yake, anajitoza maneno 250 kila robo saa. Nami nikaweka saa mezani. Maneno yalikuja, siwezi kuisingizia saa. Ila yalikuja kama malipo ya deni, na nikiyasoma napiga miayo mwenyewe.

Usiku mmoja nikafika pale ambapo kijana wa hadithi yangu ilikuwa arudi kwao baada ya miaka mingi, agonge geti, aingie, agombane na baba yake. Mlinzi nilimpa kazi moja tu, afungue. Hata jina sikumpa. Nikaandika "Mlinzi akasogea", na kabla sijamfikisha kwenye komeo akasema:

"Umechelewa. Hata wezi wa mtaa huu hurudi mapema."

Nilicheka kwa sauti. Peke yangu, nyumba nzima imelala, kiganja mdomoni. Kwenye mpangilio niliobandika ukutani hakukuwa na mlinzi mwenye ulimi. Nikamsoma tena, nikacheka tena. Kisha nikataka kujua: kwani huyu anamfahamu kijana? Mbona ana hasira? Nikamfuata, herufi zinatoka nje ya mistari, wino umenipaka ubavu wa mkono, yeye anahoji, kijana anababaika, geti bado limefungwa. Saa niliilaza kifudifudi. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nikijisimulia habari niliyokwisha kuisikia, halafu nashangaa kwa nini sina hamu nayo.

Sura zilizobaki zilikwenda, nyingine kwa hamu, nyingine kwa saa. Mhariri alipopata muswada aliuzungushia mstari mwekundu ukurasa mzima wa mlinzi, akaandika pembeni: "Unachekesha, lakini unachelewesha ugomvi." Nilibisha, nikanuna, nikaukata. Kwenye kitabu mlichosoma geti linafunguliwa kwa sentensi moja, na wala hatumwoni aliyelifungua.

Na ule ugomvi wa baba na mwana, ambao wasomaji wengi huniambia ndio uliowakosesha usingizi? Huo niliuandika kwa saa, maneno 250 kwa maneno 250, nikipiga miayo.