Jinsi nilivyopunguza C44.9 kwenye rejista ya kliniki ya ngozi

Niko masjala ya hospitali, na kliniki yetu ya ngozi inahudumia watu wengi wenye ualbino. Kila ripoti ya mwezi ilijaa C44.9, yaani msimbo wa ICD-10 (orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa) wa saratani ya ngozi isiyotajwa ilipo. Ukifungua faili unakuta "kidonda sugu, ?saratani", basi. Sikioni au shingoni, utajua mwenyewe.

Nilimwomba daktari tuweke mchoro wa kichwa kwenye fomu, yeye atie alama kwa kalamu tu. Sikio likawa C44.2, uso C44.3, utosi na shingo C44.4. Mdomo ndio wenye mtego: ngozi yake ni C44.0, lakini ile sehemu nyekundu inakwenda C00, saratani ya mdomo wenyewe. Ualbino, E70.3, unaandikwa kama utambuzi wa ziada.

La pili, hakuna msimbo wa saratani kabla jibu la patholojia (kipimo cha maabara cha kipande cha ngozi) halijarudi. Magamba yanayoletwa na jua, L57.0, yalikuwa yakihesabiwa saratani bure. Wauguzi walinung'unikia trei ya "yanasubiri jibu", na kweli hujaa haraka. Lakini C44.9 sasa imebaki kwa wagonjwa wa rufaa wanaokuja na karatasi pungufu.