Jinsi nilivyozuia nakala rudufu zisirukwe kompyuta zinapozimwa
Ofisi ninayoihudumia ina kompyuta za Linux, Windows na macOS, na nakala rudufu za usiku zilikuwa zikirukwa kila mtumiaji alipozima mashine yake kabla ya kuondoka. Kwenye Linux kazi hiyo ilisimamiwa na cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, ambayo saa ikishapita hairudi nyuma; niliihamishia kwenye kipima muda cha systemd, mfumo unaosimamia huduma za Linux, na kuandika Persistent=true katika sehemu ya [Timer], hivyo zamu iliyokosekana hutekelezwa mara mashine inapowashwa. Windows haikunisumbua, kwani Task Scheduler, kipanga ratiba chake, ina kisanduku cha kuruhusu kazi iliyokosa saa yake ianze mapema iwezekanavyo, nacho nilikikuta hakijatiwa tiki.

Iliyonichosha ni macOS, kwa sababu launchd, programu yake ya kuendesha kazi kwa ratiba, hufidia zamu iliyopita kompyuta ikiwa imelala tu, wala si ikiwa imezimwa kabisa. Niliongeza RunAtLoad, yaani agizo la kuendesha kazi mara inapopakiwa, katika faili ya plist (faili ya mipangilio ya kazi hiyo), kisha nikaielekeza skripti ya nakala rudufu isome kwanza tarehe ya nakala ya mwisho na kujifunga yenyewe ikiwa nakala ya zamu hiyo ipo. Kwa ufuatiliaji, naona systemd ndiyo iliyo wazi zaidi: amri ya systemctl list-timers huonyesha zamu iliyopita na ijayo katika mstari mmoja.